Kulamba dume, kulamba garasa: maswali yenu kuhusu drafti ya makwotabeki

Toleo lililopita niliandika sentensi moja tu, kwamba kila mwezi wa nne huwa nakesha kuangalia drafti ya NFL, nikajua hakuna atakayejali. Kumbe nimechokoza nyuki. Simu imejaa meseji, na ya kwanza kabisa ilitoka kwa jamaa wa Magomeni anayeuliza inakuwaje mtu mzima nakesha kuangalia Wamarekani wakicheza drafti wakati kijiweni kwao wapo wazee wanacheza na vizibo vya soda kuanzia saa nne asubuhi na hawamfukuzi mtu. Sio drafti hiyo mkuu. Hii ni ile shughuli ya timu za NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, ule wa helmeti na mabega ya kuvaa, kuchagua vijana wanaotoka vyuoni, na mimi kinachonikosesha usingizi ni nafasi moja tu, ya kwotabeki, yule anayerusha pasi. Nimechukua maswali sita. Wale mlioniomba mkeka wa wikiendi, samahani, wangu wenyewe ulichanika Jumamosi.

Anko, mimi ni bodaboda hapa Mwenge. Simba na Yanga wakimtaka mchezaji mmoja wanapigana vikumbo mpaka airport, huyu anamficha hotelini, yule anapanda dau. Sasa nasikia huko Marekani kijana anapangiwa timu kama mwalimu anavyopangiwa kituo cha kazi. Hawezi kugoma?

Mfano wako wa mwalimu umenifurahisha maana ndio wenyewe. Timu ziko 32, raundi ziko 7, na foleni inapangwa kinyumenyume, yani iliyoshika mkia msimu uliopita ndio inaanza kuchagua na bingwa wa Super Bowl, ndio fainali yao, anakuwa wa 32. Ukishatajwa na timu, hiyo ndio timu yako, huwezi kusema mama hataki niende huko kuna baridi. Timu zinaweza kuuziana nafasi kwenye foleni, hilo ntalifikia kwa mzee wa Temeke hapo chini, ila kijana mwenyewe hana la kuchagua.

Aliyeleta wazo hili anaitwa Bert Bell, mwenye timu ya Philadelphia Eagles, na alilileta kwa sababu timu yake ilikuwa inapigwa kila siku na kila mchezaji mzuri anayemfukuzia anakimbilia kwa wenye hela. Fikiria mwenye timu ndogo ya ligi yetu aende kwenye kikao aseme jamani, kuanzia mwakani mimi ndio nasajili wa kwanza, Simba na Yanga mtasubiri mwisho. Hapa wangemtoa nje na kiti chake. Kule wakakubali, na drafti ya kwanza ikafanyika Philadelphia mwaka 1936, majina yameandikwa ubaoni. Aliyechaguliwa namba moja alikuwa Jay Berwanger, akachukuliwa na Eagles hao hao, na unajua alicheza mechi ngapi NFL? Hata moja. Hela hazikumpendeza akaenda kufanya kazi nyingine. Kwahiyo hii bahati nasibu ilianza na garasa siku ya kwanza kabisa, na wala sio kosa la kijana.

Kugoma wapo waliogoma, ila uwe na kitu mkononi. Mwaka 1983 John Elway alichaguliwa namba moja na Baltimore Colts akasema siendi, mkinilazimisha nacheza besiboli, na hakuwa anatania maana New York Yankees walishamchukua upande huo. Colts wakamwachia Denver, na Denver akabeba Super Bowl mbili. Mwaka 2004 Eli Manning naye aliwaambia San Diego Chargers mapema kabisa msinichague, wakamchagua hivyo hivyo, kuna picha yake ameshika jezi yao uso kama mtu aliyeitwa kuhesabu mabati ya msiba. Siku ile ile wakambadilisha na Giants. Hawa wawili walikuwa na jina, na Eli baba yake alishakuwa kwotabeki wa NFL. We wa kawaida ukigoma unakaa nyumbani unaangalia wenzio kwenye tivii.

Kaka, mume wangu ameanza kuangalia huu mchezo na mimi nimeamua nisiachwe nyuma. Swali langu, uwanjani wapo watu 11, kwa nini kila siku ni kwotabeki kwotabeki? Na kwa nini wasinunue aliyeiva badala ya kuhangaika na watoto? (Mbezi Beach)

Hongera dada, na mwambie shemeji amepata mke.

Angalia mchezo mmoja tu, usiangalie mechi nzima. Mpira unapitishwa miguuni kwa jamaa aliyeinama, kwotabeki anaupokea, na kuanzia hapo ana sekunde mbili, tatu akibahatika. Mbele yake kuna majitu ya kilo 130 yanasukumana, nusu yanamlinda na nusu yanamtaka yeye. Ndani ya hizo sekunde anaangalia wa kwanza anayetakiwa kumrushia, amebanwa, anaangalia wa pili, naye bado hajageuka, na inabidi arushe sasa hivi kwenda mahali ambapo hakuna mtu, kwa imani kwamba mtu atafika. Akichelewa analazwa. Akikosea mpira unadakwa na wapinzani. Anafanya hivyo mara thelathini au arobaini kwa mechi. Beki akikosea kuna mwenzie wa kuziba, huyu akikosea hakuna wa kuziba, ndio maana timu isiyo na kwotabeki ni kama daladala lenye konda mzuri, muziki mzuri, siti mpya, halafu dereva hajui gia.

Sasa kuhusu kununua aliyeiva. Kwanza aliyeiva hauzwi, nani atamuuza? Pili, bei. NFL ina kikomo cha mishahara, timu zote matumizi yana mwisho, na msimu wa 2025 mwisho ulikuwa dola milioni 279.2. Mwaka 2024 Dallas Cowboys walimpa Dak Prescott mkataba unaotoka wastani wa dola milioni 60 kwa mwaka. Toa milioni 60 kwenye 279 halafu waajiri wengine zaidi ya hamsini kwa kinachobaki, hapo ndio utaelewa kwa nini jikoni wanabana matumizi. Lakini kijana wa drafti mshahara wake unapangwa tangu makubaliano ya mwaka 2011 kati ya ligi na chama cha wachezaji. Kabla ya hapo ilikuwa fujo, Sam Bradford mwaka 2010 alisaini miaka 6 kwa dola milioni 78 hajarusha hata pasi moja ya NFL, mwaka uliofuata Cam Newton, naye namba moja kama yeye, akasaini miaka 4 kwa milioni 22. Umeona tofauti hiyo? Ukilamba kwotabeki mzuri leo una miaka minne ya kumlipa kwa bei ya kutupa, na wa raundi ya kwanza timu inaweza kumwongeza wa tano, hela inayobaki unanunua mabeki na hao majitu wa kumlinda. Ndio maana wanahangaika na watoto. Sio kwamba wanapenda kulea.

Anko, nipo mwaka wa pili Mlimani nasoma takwimu. Hawa watu wana kompyuta, wana skauti kibao, wanampima kijana mpaka urefu wa vidole, inakuwaje bado wanakosea? Tom Brady kachaguliwa wa 199! Mi naona maskauti wanakula mishahara ya bure.

Usiwaonee kihivyo, ila nakuelewa.

Kuna kitu kinaitwa kombaini, sio hii yetu ya UMISSETA ya kuchagua timu ya mkoa. Hii inafanyika Indianapolis kila mwaka tangu 1987, vijana zaidi ya mia tatu wanaitwa, wanapimwa urefu, uzito, kiganja, wanakimbia yadi 40 ambazo ni kama mita 36 na nusu, wanapigwa picha na kaptula kama ng'ombe wa mnada wa Pugu, halafu usiku timu zinawaita mmoja mmoja chumbani kuwahoji. Zamani walikuwa wanafanyishwa na mtihani wa maswali 50 kwa dakika 12, mwaka 2022 ukaondolewa pale kombaini. Mwaka 2020 kwotabeki Joe Burrow alipimwa kiganja kikatoka inchi 9, sentimita kama 23, ikawa mjadala wa siku nzima kwamba mpira utamponyoka, mwenyewe akaandika mtandaoni kwa utani kwamba anafikiria kustaafu. Akachaguliwa namba moja hivyo hivyo na msimu wake wa pili akaifikisha Cincinnati Super Bowl, na kiganja kile kile.

Brady sasa. Itafute ile picha yake ya kombaini ya mwaka 2000. Kijana amesimama amelegea, tumbo la mtu wa ofisini, na zile yadi 40 alikimbia kwa sekunde 5.28, yani kuna majitu ya kilo 130 yanamuacha. Wewe ungekuwa skauti, umeona hiyo picha, unaenda kumwambia bosi wako huyu ndio wetu? Usinidanganye. Makwotabeki sita walichukuliwa kabla yake, na hata New England Patriots waliomchukua msiwapambe, wangejua kama atabeba Super Bowl saba wasingesubiri mpaka raundi ya sita, si wangemchukua ya kwanza? Walilamba dume wakiwa wamefumba macho kama wengine, na mwaka mzima wa kwanza alisugua benchi, ilibidi Drew Bledsoe aumie mwezi wa tisa 2001 ndio dunia ikajua.

Tatizo lao kubwa kwa mtazamo wangu wanapima vinavyopimika. Kiganja kinapimika, mbio zinapimika. Kile kitu cha sekunde mbili nilichomuelezea dada wa Mbezi hakipimiki ukiwa umevaa kaptula na hakuna anayekuja kukuvunja mbavu. Chuoni nako wanadanganyika, maana kijana wa chuo kikubwa anazungukwa na wenzie wakubwa kuliko wapinzani, anapata muda wa kunywa chai kabla ya kurusha, unaona pasi nzuri kumbe hujaona akibanwa hata mara moja.

Kuna na upofu mwingine ambao takwimu zako hazitakuonyesha. Kwa miaka mingi kijana mweusi akija kama kwotabeki alikuwa anaambiwa abadilishe nafasi, awe mdakaji, yani wa kupokea pasi, au beki, eti ana mbio. Warren Moon mwaka 1978 hakuchaguliwa na timu yoyote, akaenda Kanada na Edmonton akabeba kombe la huko mara tano mfululizo, akarudi NFL mwaka 1984 na leo yupo kwenye ukumbi wa mashujaa wa mchezo. Utasema hayo ya zamani. Haya, mwaka 2018 wapo walioshauri Lamar Jackson awe mdakaji. Akaachwa mpaka namba 32, wa mwisho wa raundi ya kwanza, Baltimore Ravens wakamuokota, akawa mchezaji bora wa ligi nzima msimu wa 2019 na tena 2023. Waliochagua mbele yake hawakukosa kompyuta.

Kijana, mimi mzee wako wa Temeke. Mjukuu wangu ananiambia timu moja ilitoa chaguo za raundi ya kwanza za miaka mitatu kwa mtoto mmoja. Hiyo ni akili au ni ulevi?

Shikamoo mzee wangu. Mwambie mjukuu yuko sahihi, na jibu langu ni kwamba huwa inaanza kama akili.

Nianze na mchezo wa upatu, maana Temeke mnaujua. Mko kumi, kila mwezi mmoja anapokea. Wewe zamu yako mwezi wa tisa, una shida leo, unamfuata mwenye zamu ya leo unamwambia nipe mimi, nitakupa ya tisa na ya mwakani pia. Ndio hivyo. Na huko kuna mpaka jedwali la bei, lilianza na Dallas Cowboys wa Jimmy Johnson mwanzoni mwa miaka ya 90, chaguo namba 1 lina pointi 3,000, namba 2 lina 2,600, namba 3 lina 2,200, linashuka hivyo mpaka mwisho, watu wanapiga hesabu kama dukani Kariakoo. Siku hizi kila timu ina jedwali lake ila lile la zamani bado linatajwa.

Hiyo ya mjukuu wako nadhani ni San Francisco 49ers. Mwaka 2021 walikuwa namba 12, wakataka kupanda mpaka namba 3, wakawapa Miami hiyo 12 pamoja na chaguo zao za raundi ya kwanza za 2022 na 2023 na nyingine ya raundi ya tatu juu yake. Wakamchukua Trey Lance. Kijana akaanza mechi nne tu kwa timu ile, ya nne akavunjika kifundo cha mguu, na mwaka 2023 akapelekwa Dallas kwa chaguo la raundi ya nne. Sasa sikia kituko mzee wangu. Mwaka 2022 timu hiyo hiyo ilibakiwa na chaguo la mwisho kabisa la drafti nzima, namba 262, ambalo wamelitungia na jina la utani, Mr. Irrelevant, yani bwana asiyehusika. Wakamchukua Brock Purdy. Lance akaumia, aliyefuata akaumia, ikabidi bwana asiyehusika aingie, na Februari 2024 ndiye aliyekuwa anaiongoza 49ers kwenye Super Bowl, wakafungwa na Kansas City 25 kwa 22 kwenye muda wa nyongeza. Miaka mitatu ya upatu wameitupa baharini, halafu hela wameiokota kwenye mfuko wa suruali ya zamani.

Ila iliyoniuma mimi ni ya Carolina Panthers. Mwaka 2023 walikuwa wa 9, wakapanda mpaka namba 1 kwa kuwapa Chicago Bears hiyo 9, chaguo la raundi ya pili, chaguo la kwanza la 2024, la pili la 2025, na juu yake mdakaji wao bora DJ Moore. Unampa dereva mpya gari halafu unatoa na magurudumu. Wakamchukua Bryce Young, kijana mfupi kwa nafasi ile, mita 1.78 hivi, na mimi hapa nilikuwa upande wake, niliwekeana na jirani yangu kreti ya soda kwamba Young atamzidi C.J. Stroud aliyechukuliwa wa pili na Houston. Stroud akawa kijana bora wa mwaka upande wa mashambulizi na akaipeleka Houston mtoano. Panthers wakashinda mechi 2 wakafungwa 15, mkia wa ligi, na mkia ndio unapata chaguo namba moja, si ndio? Lakini chaguo lao walishaliuza kwa Chicago! Chicago akaingia nalo 2024 akamchukua Caleb Williams. Yani walinunua kwotabeki mmoja na kumlipia jirani wa kwake. Kreti nililipa, na jirani alichagua tangawizi zote makusudi anajua siipendi.

Anko wewe unamuona nani ni garasa kuliko wote? (Tabata)

Ntakujibu ila utachukia jibu.

Wote watakuambia Ryan Leaf, au JaMarcus Russell, aliyechaguliwa namba moja na Raiders mwaka 2007 na baada ya misimu mitatu hayupo ligi. Leaf ndio darasa. Mwaka 1998 ulikuwa ubishi nchi nzima, Peyton Manning au Leaf, nani aende namba moja, na wapo wataalamu waliosema Leaf ana mkono mzito zaidi. Colts wakachukua Manning, Chargers wakapanda kutoka namba 3 mpaka 2 kumchukua Leaf. Mechi yake ya tatu ilikuwa Kansas City, mvua, alirusha pasi 15 ikafika moja. Moja. Keshoyake akamfokea mwandishi wa habari chumba cha kubadilishia nguo mbele ya kamera, na kuanzia hapo hakuinuka tena, alimaliza kazi yake na pasi 14 za kufunga na 36 za kudakwa na wapinzani.

Hapo kila mtu anaishia. Mimi nakuomba uangalie upande wa pili, maana Manning msimu ule ule pasi zake zilidakwa na wapinzani mara 28, hakuna mgeni wa ligi aliyewahi kudakwa vile, na Colts walishinda mechi 3 wakafungwa 13. Kwa macho ya kijiweni kwetu tungesema magarasa wawili. Hapa Msimbazi au Jangwani mgeni akikosa magoli mechi tatu keshaanza kutafutiwa tiketi ya kurudi kwao. Colts hawakumtoa hata mechi moja, msimu mzima alianza yeye akijifunza kwa kupigwa, na mwisho akawa mchezaji bora wa ligi mara tano na Super Bowl mbili. Sisemi Leaf angekuwa Manning, tabia yake mwenyewe ameikiri. Nasema neno garasa huwa tunampachika mtoto peke yake, na aliyempika tunamsahau.

David Carr je? Namba moja mwaka 2002, Houston Texans, timu mpya ndio imezaliwa mwaka ule. Msimu wake wa kwanza alilazwa chini na mpira mkononi mara 76. Sabini na sita! Rekodi ya ligi. Huyo hata angekuwa na mkono wa dhahabu angeanza kurusha mpira huku amefumba macho akisikilizia nani anakuja. Halafu mwangalie Patrick Mahomes. Mwaka 2017 Chicago walipanda nafasi moja, kutoka 3 kwenda 2, wakatoa chaguo kadhaa kumchukua Mitchell Trubisky. Mahomes alikuwepo. Kansas City wakapanda kutoka 27 mpaka 10 wakamchukua, halafu wakafanya kitu ambacho kina ubingwa kuliko kumchagua, wakamkalisha. Mwaka mzima anaangalia Alex Smith, mtu mzima, anavyosoma mabeki, anavyofika mazoezini, akaanza mechi moja tu ya mwisho. Mwaka wa pili akawa mchezaji bora wa ligi na leo ana Super Bowl tatu. Green Bay nao Aaron Rodgers walimkalisha miaka mitatu nyuma ya Brett Favre. Angeenda Mahomes kwenye ile Houston ya mwaka 2002, kulazwa mara 76, sijui tungekuwa tunaongea nini leo.

Na kama unataka wa nyumbani kabisa, tunaye. Hasheem Thabeet, mtoto wa Dar, mwaka 2009 alichaguliwa namba 2 kwenye drafti ya NBA na Memphis Grizzlies, James Harden akafuata namba 3 na Stephen Curry namba 7. Siku ile mji huu ulilipuka, mi nakumbuka. Kila mwaka Wamarekani wakipanga orodha yao ya magarasa wanamuweka, na kila mwaka napata hasira, maana kijana mrefu wa mita 2.21 aliyeanza kikapu akiwa mkubwa anahitaji kulelewa, na kabla hata msimu wa pili haujaisha Memphis walishamuuza. Walijua wanachagua nini. Kwahiyo ukiniuliza garasa ni nani, mara nyingi nakuta ni aliyelamba kuliko karata yenyewe.

Mjomba, mdogo wangu ana miaka 16, anacheza mpira wa mikono Upanga, ana mkono wa hatari. Anaweza kufika huko? Na drafti inaonyeshwa saa ngapi kwa saa zetu?

Kwa kwotabeki nisikudanganye, wenzie wanaanza na miaka saba nane na wana walimu wa binafsi wa kufundishwa kuweka mguu tu. Nafasi nyingine inawezekana. NFL ina programu ya kuchukua wanamichezo wa nchi za nje tangu 2017, na kuna Jordan Mailata wa Australia aliyekuwa raga tupu, hajawahi kucheza mechi hata moja ya mchezo huu, Eagles wakamchukua raundi ya saba mwaka 2018, wakamfundisha kumlinda kwotabeki, Februari 2025 akabeba Super Bowl. Ila yule ni mita 2.03 na kilo zaidi ya 160, mdogo wako yukoje? Njia ya kawaida ni apate chuo cha Marekani, kuingia drafti lazima iwe imepita miaka mitatu tangu amalize sekondari.

Saa sasa. Raundi ya kwanza ni Alhamisi usiku kwao mwishoni mwa mwezi wa nne, kwetu ni Ijumaa saa tisa usiku. Miaka ya karibuni kila timu ilikuwa inapewa dakika 10 za kufikiria raundi hiyo, usiku ni mrefu, weka chai kwenye chupa na uangalie bando, langu limewahi kukata dakika ya nane wanakaribia kutaja jina na nikajua matokeo saa mbili asubuhi kwenye mwendokasi, kwenye simu ya mtu mwingine. Raundi ya pili na ya tatu ni Jumamosi saa nane usiku. Ya nne mpaka ya saba inaanza hiyo hiyo Jumamosi saa moja usiku, watu wazima hatujalala, na hakuna anayeiangalia. Mi ndio naipenda hiyo. Dakika ni chache, majina hakuna anayeyajua, na nikisikia kwotabeki ametajwa huko mwishoni huwa naandika jina lake kwenye daftari langu la madeni, ukurasa wa nyuma.